Nafasi ya Matano Katika Keya

Mjomba wangu Matano ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kiume pale Mzenga, na miaka yote niliyomjua hakuwahi kutulia. Ukimkaribisha kiti anakaa kidogo, mara kasimama tena. Wajuaji wa kijijini walisema anasumbuliwa na wale aliowaosha. Upuuzi mtupu. Kilichomkosesha raha nakijua.

Mwaka 1942 jumbe wetu, mkuu wa kijiji, aliletewa amri ya kutoa wanaume kumi waende keya, yaani jeshi la Mwingereza. Jina la Matano lilikuwemo. Wenzake walipokuwa wakinong'ona habari za kujificha porini, yeye alitembea hadi bomani Kisarawe akasimama mbele ya bwana DC, Mzungu mkuu wa wilaya.

"Bwana, siogopi kufa," alisema. "Ila mikono hii kazi yake ni kustiri watu. Siwezi kuitumia kuua. Nipeni kazi nyingine, au nifungeni."

Bwana DC alimhoji asubuhi nzima. Dini yako inakataza vita? Haikatazi. Sasa nani anakukataza?

"Mimi mwenyewe, bwana."

Nadhani jibu hilo lilimgusa yule Mzungu, maana hata kwao walikuwepo watu waliokataa kuua kwa dhamiri zao. Alilifuta jina la mjomba, akampa mkono.

Kijiji kilimpokea kama bwana harusi, ingawa hakueleza alivyoachiwa. Siku tatu baadaye akaja tarishi wa boma: waliotakiwa ni kumi, na waliopo ni tisa. Jumbe akamtoa Hemedi, jirani yetu, mkulima mpole asiyeweza hata kumfukuza mbwa wa watu.

Tangu hapo mjomba hakukalika. Alikwenda bomani mara mbili kuomba Hemedi aachwe, na mara zote mbili karani alimwambia shauri lake limekwisha, aende zake. Mwishowe alichukua jembe, akaenda kumlimia mke wa Hemedi, Mwanakheri. Yaliyofuata kanisimulia Mwanakheri mwenyewe.

Mwanakheri alimkuta mjomba katikati ya mihogo, jasho linamtiririka.

"Nisamehe, shemeji," mjomba alisema. "Mimi kuua mtu sikuweza."

"Hemedi naye hawezi," Mwanakheri alimjibu, bila hasira. "Ila hakujua kama mtu anaruhusiwa kwenda kusema. Wewe uliporudi ulishajua. Siku tatu zile, shemeji, mbona hukuja kumwambia naye aende kusema?"