Kitabu cha Kumuudhi Baba

Baba yangu alifundisha historia huku Ngara mpaka akastaafu, na tangu hapo anavisahihisha vitabu. Ukimpa kimoja zawadi, anakisoma na kalamu nyekundu mkononi, kisha anakurudishia kikiwa na maksi juu ya jalada. Kaka yangu alimletea kinene chenye picha za rangi. Kilirudi kimeandikwa, "Amejitahidi, ila hajui kitu." Siku hizi wageni tunawaambia mapema walete sukari.

Mama alipofariki, nilimpelekea kitabu kama kawaida. Nilipokifuata nilikikuta safi, hakina hata mstari. "Ni kizuri," akasema, akageukia ukutani. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya mazishi. Alikuwa anakula akipewa, anaitika akiitwa, basi. Hakumtaja mama hata mara moja, na sisi watoto tukaogopa kumtaja.

Mimi nina duka dogo Runazi. Siku ya gulio nilikwenda Biharamulo kwa muuza vitabu anayetandaza turubai, vya maombi upande huu, vya ufugaji wa kuku upande ule. Nikamwomba kitabu cha historia ya huku kwetu, kibovu.

"Kilichochanika?"

"Hapana. Kizima, ila kinasema uongo."

Hakushangaa. "Uongo mwingi au wa wastani?"

"Mwingi."

Akachomoa kimoja chembamba, akasema kuna mwalimu alikirudisha kwa hasira. Nikakifungua hapohapo. Kilieleza kwamba zamani watu wa huku walilima kwa vijiti, kwa kuwa chuma hawakukijua. Nikakinunua bila kuomba punguzo, na mimi si mtu wa kuacha punguzo.

Nilikwenda nacho Ngara, nikamkuta baba uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikamkabidhi kitabu, nikaingia jikoni kuchambua maharage. Nikafika nusu ya sinia, hajaniita. Nikajisemea, haya, maji yamezidi unga. Huyu naye anamfuata mama na sisi tunamwangalia tu.

Mara nikasikia kiti kinaburutwa. Baba akasimama mlangoni, kidole katikati ya kurasa.

"Nani amekuuzia upuuzi huu?"

"Kuna nini, baba?"

"Eti vijiti. Huku kwetu Bushubi watu wamefua chuma tangu enzi na enzi. Babu yake mama yako alikuwa mhunzi. Mama yako alipoolewa alikuja na jembe la yule mzee, akalilimia shamba hili mpaka likaisha likabaki kama kijiko. Nikamwambia alitupe, nitamnunulia jipya la dukani. Alininunia, hakunisemesha mpaka mahindi yakaota."

Nikaacha maharage. Yeye akavuta kigoda, akakaa karibu yangu, kitabu akakiweka chini.

"Mama yako alikuwa na kiburi," akasema. Akakohoa. "Ngoja nikueleze."