Risaga Ambayo Sikuiita

Miaka ile ya dhahabu nilikuwa mtu wa Jumapili. Siku sita nilishinda duarani, kwenye shimo nililochimba na wenzangu, na siku ya saba nilirudi nyumbani Turwa kuanza vitu. Kumaliza sikujua. Uani kulikuwa na redio niliyoifungua mpaka nati ya mwisho, litungu, ala yetu ya muziki, lisilo na nyuzi, mzinga ambao nyuki waliudharau, na kuta za chumba cha mama zilizokwama usawa wa dirisha. Mshika mawili moja humponyoka. Mimi nilishika manne.

Mama alikuwa mgonjwa wa kifua. Alilala jikoni pamoja na moshi na mbuzi, akisubiri chumba hicho nilichomwahidi kwa mdomo wangu huu.

Kila Jumapili nilianza vizuri. Nilikanda udongo, nikapanga mistari miwili ya matofali, kisha nikaenda kupumzika na litungu. Litungu likinikera, nilihamia kwenye redio. Jumatatu, duarani, nilijisifu kwamba najenga.

"Mura," mama aliniambia siku moja, "ita risaga. Pombe nitapika mwenyewe."

Kwetu risaga ni majirani kuja kukufanyia kazi siku moja, nawe unawalisha na kuwanywesha. Siku nyingine ni zamu ya mwenzako. Haina aibu hata kidogo. Aibu niliitengeneza mimi.

"Risaga ni ya wajane na wazee," nilimjibu. "Mimi ni mtu wa dhahabu. Nitakujengea kwa mikono yangu."

Alikohoa kwanza. "Basi nijengee haraka, baba."

Nilikasirika. Nilimwambia kama ana haraka ashike mwiko yeye. Ndiyo, nilimwambia mama yangu hivyo, na siku hiyo sikugusa tofali hata moja, makusudi, ili anikome.

Masika yalimkuta kulekule jikoni. Alifariki siku ya Jumanne, mimi nikiwa chini ya ardhi.

Nilipofika Jumatano asubuhi, uani kulijaa wanaume waliovua mashati. Hakuna aliyewaita. Walisema mama huyu hataagwa akiwa jikoni. Wengine walikanda udongo, wengine walipandisha matofali, na fundi Mwislamu, jirani yetu, alikuwa anapigilia kenchi za paa chini, tayari kuzipandisha. Redio yangu waliisukumia kwenye migomba pamoja na takataka nyingine.

Nilishika mwiko. Shangazi akaninyang'anya.

"Mfiwa hafanyi kazi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. "Wewe kaa. Kukaa unajua."

Nikakaa. Nililia, na hakuna aliyenibembeleza. Saa nane mchana bati la mwisho lilipigiliwa. Wanaume wanne wakambeba mama kumwingiza chumbani kwake, na pale mlangoni mmoja wao akaniambia nisogee, nimewazibia njia.