Lipu Iliyokunjwa Kila Mahali

Kwa miaka thelathini na moja Bibi alipiga lipu kwenye majumba ya watu, na alichojivunia kuliko wajukuu wake wote saba ni kwamba hakuna ukuta aliouacha kichwa wazi. Mwisho wa ukuta ukionyesha tofali, yeye aliuita uchi, na fundi aliyeuacha hivyo alimwita mvivu mbele ya mke wake.

Asubuhi hiyo alikuwa ameketi nyuma ya mjukuu wake, mchoraji wa ramani za majengo, kikombe cha chai mkononi. Binti alikuwa bado kwenye majaribio kazini. Mkuu wake alishamrudishia ramani ya zahanati mara mbili. Ikikosewa tena, alisema, ailete pamoja na ufunguo wa ofisi. Saa nne iwe imefika.

"Mbona huu uchi?" Bibi akauliza, akigusa kioo cha kompyuta kwa kidole chenye sukari.

"Usiguse, Bibi. Ukuta una matabaka: lipu, tofali, lipu. Kompyuta inaniuliza, kila mwisho, lipu ikunje kona ifunike tofali au ikatwe hapo hapo."

"Inauliza? Kibarua akiniuliza hivyo namrudisha kwao. Kunja."

"Na huu?"

"Kunja. Kunja yote, uvishe kuta za watu nguo."

Binti akakunja yote. Bibi akajiegemeza kitini, akaanza kusimulia, labda kwa mara ya mia, jinsi alivyomnyang'anya mhandisi mwiko. Zikiwa zimebaki dakika ishirini, akanyamaza katikati ya mhandisi.

"Huu wa mapokezi unashika wapi?"

"Kwenye jengo la zamani la zahanati. Tunaliongezea vyumba."

"Silioni."

"Nimelificha. Kompyuta ilikuwa inakokota miguu."

Akalirudisha. Jengo la zamani likatokea limebanana na ukuta mpya, na katikati ya tofali na tofali imelala lipu ya Bibi, kama godoro.

Wakaitazama. Tofali lisiposhika tofali, ufa huja kabla rangi haijakauka. Bibi aliwahi kuubomoa ukuta wa namna hiyo kwa mikono yake, akimtukana aliyeujenga toka asubuhi hadi adhuhuri.

"Si ulisema nikunje yote?"

"Nilisema?"

"Hata jirani amesikia."

Bibi akanywa chai iliyokwisha kitambo. Hata marehemu mumewe hakuwahi kumsikia akisema amekosea, na alimsubiri miaka arobaini. Akatazama saa ukutani, akamtazama mjukuu wake anavyotafuna kucha.

"Huo kata hapo hapo."

"Niuache uchi?"

"Hauko uchi. Umekumbatiwa."

Ramani ikaenda zikiwa zimebaki dakika mbili. Haukupita muda, mkuu akapiga simu.

"Njoo kesho tuandike mkataba. Huo mwisho wa kwenye jengo la zamani, wengi wanaupiga lipu. Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu. Ila alianza kwa kunipoteza."

"Mwambie nilikuwa nakupima," Bibi akasema, akainuka kwenda kuongeza chai.