Farasi Sita wa Ottokar Kadletz

Rosina Kadletz alikuwa akipiga pasi mashati ya watu katika duka la dobi katika mtaa wa Ottakring, na majirani wote walimwita Bibi Profesa. Mumewe hakuwa profesa wa kitu chochote. Lakini hapa kwetu Vienna mtu asiye na cheo hubandikwa kimoja, la sivyo muuza mboga hajui amsalimieje, na kwa kuwa Ottokar alivaa miwani na kutunga muziki usiopigwa na mtu, hicho kikamkaa. Rosina alikizoea. Jambo lililomshinda kuzoea ni kwamba muziki wenyewe hakuwahi kuusikia.

Wala Ottokar mwenyewe. Kipande chake kikubwa, cha fidla nne za ukubwa mbalimbali, kilikuwa kimelala kabatini miaka tisa. Hakikuwa na wimbo wa kuimbika wala mahali pa kupigia mguu. Sauti zilipishana kama majirani walionuniana ngazini. Wenye kumbi walikitazama wakakirudisha kwa adabu.

"Nakisikia kichwani," alimwambia mkewe, "lakini kichwa ni kichwa, Rosi. Nikifa sijakisikia kwa masikio haya, sitajua kama nilitunga muziki au nilichafua karatasi."

Tumaini lao lote lilikuwa kwa Bi Adelheid Lanzer, mjane wa tajiri wa sukari. Mumewe alipewa na Kaisari cheo cha Mshauri wa Biashara. Mume alikufa, Kaisari akaondoka, cheo kikabaki kwa mjane, na ole wake akisahauye. Kwa hiyo kila barua ya Ottokar ilianza, "Bi Mshauri Mtukufu, nabusu mkono wako," ndipo zikafuata kurasa nne kuhusu sauti na ukimya. Bi Mshauri alijibu kwa karatasi nzito yenye harufu ya maua ya urujuani. Aliuliza afya, alisimulia maua yake, na mwishoni hakukosa kuandika jambo lile lile: "Nimekijaribu kipande chako kwenye piano. Nimetafuta wimbo nikaukosa. Niwekee mmoja tu, rafiki yangu, niende nao nyumbani, na ukumbi nitaukodi mimi."

"Si umwekee!" Rosina alilipuka siku moja, pasi mkononi. "Wimbo mmoja! Utapungukiwa nini?"

Ottokar alivua miwani akaifuta kwa shati. "Hata wewe, Rosi?"

Rosina akarudi kwenye mashati. Ottokar akajibu kwa kurasa sita kwa nini haiwezekani, na Bi Mshauri, ambaye moyo wake haukuwa mbaya hata kidogo, akatuma kahawa na koti la marehemu mumewe.

Kisha ugonjwa wa mapafu ukaanza kumla Ottokar. Daktari alisema hatafika Pasaka. Rosina alingoja mumewe alale mchana, akaketi kuandika barua yake ya kwanza na ya pekee kwa tajiri yule. "Bi Mshauri Mtukufu, nabusu mkono wako. Mume wangu siku zake zimekwisha. Kwa ajili yangu sikuombi kitu. Yeye ana haja moja tu kabla hajaondoka, nawe unaijua. Mtimizie, aende kwa amani."

Aliona aibu kuitaja. Alidhani baada ya miaka tisa ya barua, mama yule angeijua haja hiyo hata usingizini. Alisahau anamwandikia nani. Sisi watu wa Vienna tunajinyima nyama mwaka mzima ili tuzikwe kwa fahari. Ukimwambia mmoja wetu kwamba fulani anakufa na ana haja moja, hakuna ukumbi utakaompitia akilini.

Wiki iliyofuata mlango ulibishwa. Alikuwa Bwana Zdarsky, mtu wa maziko, kofia kifuani.

"Nabusu mkono, Bibi Profesa. Poleni sana kwa msiba."

"Msiba gani?"

"Wa marehemu..." Macho yake yakavuka jiko yakaangukia kitanda, na kitandani Ottokar alikuwa ameketi anakunywa supu. "Ala! Bwana Profesa. Samahani. Nimewahi."

"Umewahi kidogo tu," Ottokar alisema. "Kaa kitako. Nitajitahidi."

Zdarsky hakukaa. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Bi Mshauri amelipia daraja la kwanza: farasi sita weusi wenye manyoya kichwani, mashada, wabeba taa, na kaburini wapiga fidla wanne wapige valsi, wimbo wa dansi wa taratibu, aliouchagua mwenyewe.

Rosina alimshika mkono wa koti. "Wapiga fidla wanne? Wa kweli?"

"Wazuri sana, bibi. Wa ukumbini."

"Basi niletee hao. Wapige hapa jikoni, mara moja tu. Farasi baki nao. Mashada baki nayo. Mtupe shimoni ndani ya gunia, mimi sitadai!"

"Bibi, wamelipiwa kwa ajili ya marehemu. Nitawaletaje kwa mtu anayekunywa supu?"

Ottokar alicheka mpaka akakohoa damu. "Farasi sita, Rosi! Na mimi hata punda sijapanda."

Rosina akaandika tena, safari hii akaitaja haja yenyewe, maneno wazi, bila aibu. Bi Mshauri alikuwa milimani kwa ajili ya hewa safi, na jibu lilikawia. Lilipofika lilinukia urujuani. "Mpenzi wangu, muziki ule mgumu ungemchosha mgonjwa. Mwache apumzike. Mengine yote nimekwisha kuyapanga." Rosina alilia kwa hasira, akaitia barua katika moto wa jiko ikawaka.

"Siku ya maziko wape wale wapiga fidla karatasi zangu," Ottokar alimwambia. "Angalau wewe usikie." Alikufa mwezi wa pili, asubuhi, Rosina akiwa kazini.

Mtaa wote ulitoka kuhesabu farasi. "Hata mwenye bucha hakupata hivi!" walinong'ona, na wengine walimwonea Rosina wivu, naye kavaa gauni jeusi la kuazima. Ottokar alikuwa amelala sandukuni ndani ya koti la mtu wa sukari.

Langoni mwa makaburi Rosina aliwapa wapiga fidla zile karatasi. Walitazamana, wakajaribu. Kwa muda wa pumzi chache, kile kitu cha miaka tisa kilikuwapo hewani. Rosina hakukielewa, wala hakukiona kizuri, lakini alitaka kiendelee kwa namna ambayo hajawahi kutaka kitu.

Kiongozi wao alishusha fidla. "Bibi, hiki kinataka mazoezi ya mwezi mzima. Tukikipiga hivi hivi, watu watacheka. Unataka wamcheke leo?"

Rosina alinyoosha mkono, akarudishiwa karatasi.

Wakapiga valsi. Wanaume walivua kofia, wanawake wakalia, hata Zdarsky alipangusa jicho. Bi Mshauri alikuja na shela yake nyeusi, akamshika Rosina mikono yote miwili, machozi yakimtiririka.

"Umesikia, mpenzi? Maskini, hatimaye amepata wimbo."

Rosina alikunja goti kama alivyofunzwa tangu utotoni.

"Nabusu mkono wako, Bi Mshauri," alisema.