Sista Anayeuliza Jina

Sista wa wodi ya wanawake pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma ana mikono myembamba, iliyokauka kwa spiriti. Kabla ya kumchoma mtu sindano, hata aliyelazwa wiki nzima, huiweka kwanza kwenye trei na kuuliza, "Unaitwa nani?" Kisha hungoja mpaka ajibiwe. "Ni mimi tu, Namuria," bibi mmoja Mturkana alimtania. "Jana uliuliza, leo umeuliza. Kwani unataka kunioa?" Wodi nzima ilicheka. Sista alitabasamu kidogo, akalisoma jina lililobandikwa kitandani, ndipo akachoma.

Zamani aliuliza kwa namna nyingine. Mwaka 2012, akiwa na haraka, alimwambia mama mmoja mkimbizi kutoka Sudan Kusini, "Wewe ni Nyawal?" Mama yule aliitwa Adut, lakini aliitikia kwa kichwa, kama wageni wengi wa kambini walivyozoea kumkubalia kila aliyevaa sare. Akachomwa insulini ya Nyawal, mgonjwa mwingine wa kisukari, naye hajala kitu tangu asubuhi. Sukari ikashuka, akazimia, na alipozinduka maneno hayakurudi tena. Siku hizi bintiye humleta kliniki, amemshika mkono. Juzi sista alimwinamia yule mama, akamuuliza jina kama anavyowauliza wote, akangoja. Alingoja mpaka watu kwenye foleni wakaanza kunung'unika. "Sista," binti akamwambia polepole, "niulize mimi."