Ufa Ulioonwa Usingizini

Kwenye kiwanda cha soda walimwita Darubini, na hakukasirika. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kirefu mbele ya taa nyeupe, akizitazama chupa tupu zikipita kwenye mkanda kabla hazijajazwa. Yenye ufa aliitoa, yenye uchafu aliirudisha ikaoshwe. Wenzake walimtania kwamba akiolewa, mumewe asithubutu kurudi nyumbani na doa kwenye kola.

Kutoka kiwandani alikwenda moja kwa moja chuoni, jengo la vioo ambalo ada yake ilimeza karibu mshahara wote. Zamani aliyetaka kujua jambo aliazima kitabu, akamtafuta anayelijua, akamganda mpaka akaelewa. Siku hizi mlangoni pa elimu wameweka pazia, na kulifunua tu kuna bei yake. Shangazi yake, aliyekaa naye chumba kimoja, alimwachia chakula kimefunikwa na kumwambia, "Mama, huo usomi utakuja kukukuta umebaki mifupa."

Alilala kwa vipande, daftari la chuo likiwa naye hata kazini, na mwishowe chupa na masomo vikaanza kuchanganyika. Zilivyopita zikigongana taratibu, alizisikia zikinong'ona mhadhara wa jana. Ukijani wa kioo ukageuka maji, naye akaelea ndani yake, mwepesi kama unyoya. Jioni moja, wanafunzi wakiingia darasani kwa mstari chini ya taa, alinyoosha mkono akamchomoa kijana mmoja kwa kola. Kijana akataka kujua amekosa nini.

"Umepinda shingo," alimjibu, kabla hajazinduka.

Ulikuwa umebaki muhula mmoja tu. Asubuhi moja, akisinzia kitini ndani ya yale maji yake, aliona chupa ikipita na ufa mwembamba kama unywele wa kope. Alipozinduka haikuwepo. Hakujua kama ilipita kwenye mkanda au ndotoni. Kulala mbele ya taa adhabu yake ilikuwa kufukuzwa, na bila kazi hapakuwa na chuo. Angenyamaza, nani angejua? Lakini chupa yenye ufa hupasuka ikitiwa gesi, na kwenye mashine ya kujazia alisimama mwanamke aliyekuwa akimgawia chai yake kila siku.

Akabonyeza kitufe chekundu.

Kiwanda kizima kikanyamaza. Msimamizi, mzee aliyeingia hapo akiwa mfagizi na kuijua kila mashine kwa kuishika, akaja akijifuta mikono. Walizishusha chupa moja moja, wakaziinua kwenye mwanga. Ya thelathini na kitu ndiyo iliyokuwa na ufa.

Mzee aliitazama chupa, kisha akamtazama yeye. "Ulikuwa macho?"

Jibu la kumwokoa lilikuwa fupi sana.

"Nilikuwa nimelala, Mzee. Niliiona humo humo usingizini."

Watu wakainamisha vichwa. Msimamizi wa siku hizi, mwenye cheti cha kuongoza watu asiowajua hata majina, angekuwa ameshachomoa kalamu ya kumfukuza. Mzee yeye aliitupa chupa kwenye pipa la vigae, akapanda mwenyewe kwenye kiti kirefu na kuvuta taa karibu.

"Kuna maboksi matupu kule nyuma," alisema bila kugeuka. "Kalale mpaka nikuite. Na hilo daftari liache hapa, lisije likakuamsha."

Akaenda. Alipojilaza, mkanda ulianza kutembea tena, chupa zikagongana kwa mbali, na hakukuwa na hata moja ya kuitazama.