Ndege Iliyokimbia Maji ya Baraka

Jamani, Uvira hii kuna watu wasiojua jina langu ila wananijua kama "yule wa kulamba ndege", na asubuhi nikipita Nyamianda kwenda kufungua kibanda changu cha kutengeneza simu nasikia mtu ananong'ona nyuma yangu, mwingine anacheka waziwazi, nami nageuza uso kana kwamba nimeona kitu huko ziwani. Aibu ninayo, sikatai. Lakini acheni niwasimulie mwenyewe, maana wanaonisimulia wanaongeza chumvi, na mkasa huu hauhitaji kuongezwa chochote.

Mimi hujenga ndege ndogo za plastiki. Vipande vinakuja ndani ya boksi, unavigandisha kwa gundi, unapaka rangi, unabandika alama (kaka yangu aliye Ubelgiji ndiye anayenitumia, na nyumbani kila mtu anauliza kwa nini asitume viatu). Papa Kashindi, baba yake Furaha, msichana niliyetaka kumwoa, alikuwa hapendi hata kuisikia kazi hiyo, kwa sababu yeye alikuwa fundi wa ndege za kweli, zile ndogo zilizokuwa zikitua Kavimvira, na kila mara wazee wa kwetu walipotuma habari kwamba wanataka kuja kuzungumza mambo ya uchumba, aliwajibu kuwa binti yake hamtoi kwa mwanaume mwenye ndevu anayecheza na vitu vya watoto. Basi yeye na mkewe wakawa wanaandaa jubile ya ndoa yao, misa kubwa ya kushukuru, na Furaha akaniambia: "Weye mutengenezee ile ndege yake, ile alikuwa anatengenezaka siku zote. Akiikataa na hiyo, minye sijue tena tufanye nini."

Kwa hiyo muelewe, sikuwa natengeneza zawadi. Nilikuwa natengeneza ndoa yangu.

Ndege ikakubali, rangi nyeupe ikakaa vizuri, shida ikaja kwenye alama. Hizi alama ni picha nyembamba sana zilizolala juu ya karatasi. Ukiilowesha karatasi, picha inateleza, unaisukuma kwa kidole mpaka mahali pake. Zile za kwenye boksi zilikuwa zimezeeka, nilipozichovya zikavunjika vipande kama jani kavu. Nikaenda kwa jamaa mmoja mwenye mashine ya kuchapa, nikampa karatasi maalumu, akanitolea za kwangu: mstari mwekundu wa ubavuni, namba ya ndege, na chini ya dirisha la rubani jina lenyewe, PAPA KASHINDI, jekundu la kupendeza. Sasa wino wa mashine ile hauvumilii maji, lazima uufunike kwa verni, ile vanishi ya kung'arisha, na verni yangu nilipofungua kopo ilikuwa imeganda kama bugali ya jana. Nikajaribu verni ya gari kwenye bawa la ziada, rangi ikakunjamana kama utando wa maziwa. Nikaona bora niache. Karatasi nikailaza juu ya kitambaa chenye unyevu, maji yakapanda kutoka chini bila kugusa wino, picha zikateleza safi, nikajisifu peke yangu chumbani. Itakaa juu ya kabati, niliwaza, nani ataimwagia maji?

Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo tu.

Siku ya misa tukapeleka zawadi mbele: godoro, vitenge, masufuria, mbuzi mmoja aliyekuwa hataki kabisa, na ndege yangu juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Papa Kashindi aliiona. Naapa aliiona, alinyoosha shingo, akamgusa mkewe kwenye goti, nami nikajiona tayari mkwe. Ndipo padiri akasema kabla ya kuwakabidhi wenye jubile, tuzibariki.

Padiri wetu si mtu wa kunyunyiza. Anachovya fagio la majani ndani ya ndoo mpaka kwenye mpini, na akirusha, hata mwenye kukaa mstari wa nyuma anajipangusa. Akaanza na godoro. Akaja kwa vitenge. Mbuzi akapata ya kwake, akajikung'uta, kanisa likacheka, na mimi jasho linanitiririka mgongoni, nahesabu masufuria yaliyobaki kati ya fagio na ndege yangu. Hapo ningesema neno moja, "Padiri, wino wake hauvumilii maji," yakaisha. Lakini mbele ya yule mzee, niseme zawadi yangu haijakamilika? Nikavua koti nikaifunika.

"Iko nini pale chini ya koti?" padiri akauliza.

"Ndege, Padiri. Lakini hii… hii haina haja."

"Haina haja ya baraka?"

Kanisa zima likageuka kuniangalia. Ninyi mnajua yale tuliyokuzwa nayo: mchawi husafiri usiku kwa kandege kadogo, wengine wanasema kanakotengenezwa kwa ganda la karanga, na ukikaonyesha maji ya baraka kanajificha. Na sasa mimi hapa, kandege kadogo, maji ya baraka, koti juu. Shangazi yake Furaha, mwanamke asiyenipenda tangu siku ya kwanza, akasimama: "Minye nilisema! Muntu muzima anafungiana na tundege usiku, ni ya kazi gani? Ona, inaogopa maji!"

Padiri akalitoa koti kwa mkono wake mwenyewe, na pengine kwa kutaka kunisaidia, watu waone hakuna kitu, akachovya fagio na kuimwagia ndege ile maji mengi kuliko mbuzi na godoro vikichanganywa. Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Mstari mwekundu ukalegea, ukatambaa, ukaanza kuchuruzika kwenye bawa, toka kwenye bawa mpaka kwenye kile kitambaa cheupe.

"Inatoka damu! Yesu, inatoka damu!"

Mama mmoja akambeba mtoto wake akakimbia. Vijana waliokuwa wamekaa nje ya mlango wakaingia, na sikupenda namna walivyoingia. Watu hapa kwetu wamechomewa nyumba kwa neno dogo kuliko lile. Nikapiga kelele, "Ni wino! Ni alama tu, angalieni, inatoka tu!" nikasukuma kwa kidole kuwaonyesha, na kilichotoka kikanigandia kiganjani, nikainua mkono juu (akili yangu ilikuwa wapi, sijui mpaka leo), na kanisa zima likasoma jina la Papa Kashindi likitiririka jekundu mkononi mwangu.

Sitaki kuwaeleza kelele zile. Furaha alikuwa analia. Shangazi akapaza sauti juu ya wote: "Kama iko wino, ulambe!"

Nikalamba. Nililamba kiganja, watu wakasema ile ya mkononi ni nyingine, nikainama nikalamba bawa, toka mwanzo mpaka mwisho, mbele ya altare, nikiwa na shati jeupe. Ni chungu kama vidonge vya malaria. Kisha wakaningojea. Wote, wakiniangalia kama naanguka au sianguki, nami nikasimama wima makusudi, wasipate walichokuwa wanangojea.

Papa Kashindi akanyanyuka. Akaja taratibu na suti yake ya jubile, akapitisha kidole kwenye bawa, akakiweka ulimini, akatema pembeni.

"Iko wino," akasema. "Na iko mubaya." Wale vijana wakaanza kurudi nje mmoja mmoja. Akanigeukia. "Mbona haukusema tangu mwanzo?"

"Niliona haya, Papa."

"Na sasa? Imepunguka?"

Kanisa likapasuka kwa kicheko, na padiri mwenyewe akajishika mbavu, na mimi nimesimama na meno mekundu natamani sakafu inimeze.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, nami siku ile nusura nisizae kweli. Tangu hapo ndege haitoki chumbani kwangu bila verni, na kisichokamilika nakisema hakijakamilika, hata mbele ya askofu. Mara nyingi nimeomba niichukue ile niipake upya, Papa Kashindi anakataa katakata. Iko sebuleni kwake, na michirizi yake yote, na kila mgeni akiingia anaiteremsha, anampa aishike. Mara ya kwanza nilimsikia nikiwa nje barazani, nikaona haya mpaka machozi yakanitoka, na bado nilitamani airudie. Alikuwa anasema: "Hii ndiyo ndege mukwe wangu alilambaka."